Ndege Moja, Siku Moja: Hotuba kwa Wajenzi wa Modeli za Ndege

Mwenyekiti, viongozi wa chama, wajenzi wenzangu, na ninyi wageni mliowasindikiza ndugu zenu: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya dekali, yaani zile alama za kubandika kwenye modeli, na vipuri vya nyongeza, na ndivyo nitakavyofanya. Lakini naomba tuanze na swali linalopaswa kuulizwa kabla mtu hajakata kipande cha kwanza kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya modeli. Unajenga ndege ipi? Siulizi aina. Ukinijibu "Spitfire", ile ndege ya kivita ya Uingereza, bado hujanijibu, maana Spitfire zilizotoka viwandani ni zaidi ya 20,000, za matoleo mengi, zilizoruka juu ya majangwa, bahari na miji, zikapakwa rangi na kupakwa tena. Ninachouliza ni ipi kati ya hizo: namba yake, kikosi chake, na ikiwezekana siku yenyewe.

Mwenye jibu la swali hilo ameshamaliza nusu ya maamuzi yake. Anajua dekali anayoihitaji, na anajua vipuri vyenye maana na vile vitakavyolala kwenye droo. Asiye na jibu hununua kila kinachovutia macho, halafu anashangaa kwa nini modeli yake, pamoja na gharama zote zile, haimsimamishi mtu mezani.

Kwa faida ya wageni, nieleze kidogo vitu hivi vinatokea wapi. Vipande vilivyomo ndani ya kasha la modeli ni vya polistirini, plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kuchonga kalibu ya namna hiyo kunakula fedha nyingi sana, kwa hiyo kiwanda hutaka kalibu moja izae matoleo mengi kwa miaka mingi. Ndiyo maana mnakuta rafadha za aina mbili, magurudumu ya aina tatu, na vipande kadhaa ambavyo karatasi ya maelekezo inasema visitumike. Kasha linabeba aina nzima ya ndege. Tena kalibu ya chuma ina mipaka yake. Plastiki haikubali kumiminika ikawa nyembamba kama karatasi, na kila kipande lazima kitoke kwenye kalibu bila kunasa. Matokeo yake mtutu wa bunduki unatoka bila tundu, kiti cha rubani bila mikanda, na ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa mnene kuliko unavyostahili.

Hapo ndipo wanapoingia watengenezaji wa vipuri. Wapo wanaochukua bati jembamba la shaba ya njano, wakalipaka dawa inayobadilishwa na mwanga, wakalimulika kupitia filamu yenye mchoro, kisha kemikali ikala sehemu zote zisizokingwa. Kinachobaki ni mikanda, swichi, wavu wa kupozea injini, na vipande vyembamba ambavyo plastiki isingeweza kuvitoa. Eduard, kampuni ya Jamhuri ya Cheki iliyoanzishwa mwaka 1989, ilijijengea jina kwa mabati hayo, na leo inatoa pia seti kamili. Wapo wanaomimina rezini, majimaji yanayoganda yakawa magumu, katika kalibu za mpira wa silikoni. Mpira hunyumbuka, kwa hiyo kipande kinaweza kuwa na mashimo na mikunjo ambayo chuma kisingeiruhusu. Wapo wanaokereza mitutu ya chuma kwa mashine. Na miaka ya karibuni uchapishaji wa 3D umeleta vyumba vya rubani ambavyo zamani ungevipata kwa kuchonga mwenyewe chini ya kioo cha kukuzia.

Vipuri vyote hivyo vinarekebisha aina ya ndege. Kinachoipa ndege jina lake ni dekali.

Kabla sijafika huko, niseme neno kuhusu skeli, yaani uwiano wa ukubwa wa modeli na ndege halisi, kwa sababu mengi yanaharibikia hapo. Skeli ya 1/72, ambayo wengi wetu tulianzia, ilitokana na vipimo vya Kiingereza: inchi 1 ya modeli kwa futi 6 za ndege halisi. Mwaka 1936 modeli za Penguin, zilizouzwa Uingereza kwa jina la Frog, zilitoka katika skeli hiyo kwa plastiki ya selulosi asetati, ambayo hujipinda kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za mbao, nazo zikiwa za 1/72, ili askari wajifunze kutambua ndege angani. Hesabu yake ni nyepesi: modeli ya 1/72 ukiitazama kwa umbali wa mita 10, unaiona kwa ukubwa wa ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Mwaka 1953 Airfix, kampuni ya Uingereza, wakatoa Spitfire yao ya kwanza ya plastiki, na skeli hiyo ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Sasa ipigeni hesabu hiyo kinyume. Mstari wa maungio ya mabati wenye upana wa milimita 0.2 kwenye bawa la 1/72 ni sawa na ufa wa zaidi ya milimita 14 kwenye ndege halisi. Kidole kinaingia! Hakuna fundi wa ndege angeiruhusu iruke. Halafu sisi tunaumwagia ufa huo rangi nyeusi ili uonekane zaidi. Nawasihi tupunguze. Rangi ya kijivu iliyokolea kidogo kuliko rangi ya bawa inatosha, na sehemu nyingine haihitajiki kabisa. Upande wa pili, bunduki ya milimita 12.7 katika 1/72 ina tundu la milimita 0.18. Hapo kipuri cha chuma kilichokerezwa kina haki ya kuwepo, kwa sababu hakuna mkono wala kalibu itakayokupa tundu hilo.

Tuje kwenye ndege moja, na naomba mniruhusu nikae nayo kwa muda. Ni B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, iitwayo Memphis Belle. Nimeichagua kwa sababu kila mtu anadhani anaijua.

Namba yake ni 41-24485. Ilikuwa B-17F ya kikosi cha 324, kundi la 91, ikiruka kutoka Bassingbourn, Uingereza, na herufi zake ubavuni zilikuwa DF-A. Rubani Robert Morgan na wenzake walikamilisha safari yao ya 25 ya vita tarehe 17 Mei 1943. Sasa tazameni maamuzi yanavyojitokeza yenyewe. Herufi "F", yaani toleo la ndege hiyo, inakukataza kutumia kasha la B-17G, lenye kizimba cha bunduki kinachoning'inia chini ya pua. Ukibandika jina la Memphis Belle juu ya G, umetengeneza ndege ambayo haijawahi kuwepo. Halafu kuna alama ya taifa. Wakati wa safari hizo alama ya Marekani ilikuwa nyota nyeupe ndani ya duara la buluu, basi. Vile vibao vyeupe vya pembeni viliongezwa mwishoni mwa Juni 1943, vikiwa na mpaka mwekundu, na kabla ya mwaka kwisha mpaka huo ukageuzwa kuwa wa buluu. Karatasi ya dekali ikikuletea nyota yenye vibao kwa ajili ya safari za Mei, iweke pembeni.

Picha ya msichana kwenye pua, iliyochorwa na Tony Starcer kwa kufuata mchoro wa George Petty, ipo pande zote mbili, lakini hazifanani: upande wa kushoto vazi lake ni la buluu, upande wa kulia ni jekundu. Na jirani na picha hiyo kuna safu ya mabomu madogo, bomu moja kwa kila safari. Hapo ndipo pa kutulia. Dekali yenye mabomu 25 inakufunga: umesema kwamba hii ni ndege ya mwishoni mwa Mei 1943 au baada ya hapo. Ukitaka kuionyesha ilivyokuwa miezi michache kabla, katika majira ya baridi, huna budi kuyapunguza mabomu, na rangi ya kijani ya juu nayo isiwe imechakaa kiasi kile. Baadaye, ikizungushwa katika miji ya Marekani kuuza hati za mkopo wa vita, watu walikwaruza majina yao kwenye mabati yake. Hiyo nayo ni Memphis Belle, lakini ni siku nyingine.

Ndege yenyewe ipo hadi leo, katika makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani karibu na Dayton, Ohio, ambako ilifunuliwa kwa umma tarehe 17 Mei 2018, baada ya kazi ya miaka mingi ya kuitengeneza. Nawaambia hivi kwa uzito wake: kila bomu katika safu ile ni watu waliorudi salama, na ni watu waliokuwa chini siku ile bomu lenyewe lilipodondoka. Anayelibandika kwa kibanio anapaswa kulijua hilo.

Wanaojenga ndege za abiria wasidhani habari hii ni ya vita tu. Kati ya Concorde 14 zilizobeba abiria, moja iliyosajiliwa G-BOAD iliruka ikiwa na rangi za Singapore Airlines ubavu wa kushoto na za British Airways ubavu wa kulia, katika miaka ya mwisho ya 1970. Kasha moja, ndege moja, dekali za mashirika mawili. Nyingine, F-BTSD ya Air France, mwaka 1996 ilipakwa buluu kwa ajili ya tangazo la Pepsi. Lakini mabawa yake yaliachwa meupe, na sababu ni ya kifizikia: Concorde ikiruka kwa mara mbili ya kasi ya sauti, bodi yake ilipata joto kali, puani likifika karibu nyuzi 127 za Selsiasi, na rangi nyeupe ilisaidia kuakisi na kutoa joto, hasa pale mabawani kwenye matangi ya mafuta. Hata hivyo ndege ile ya buluu iliwekewa ukomo wa dakika 20 kwa mwendo huo. Mjenzi anayepaka mabawa buluu ili yalingane na bodi amefuta habari nzuri kuliko zote za ndege ile. Anayeyaacha meupe ataulizwa kwa nini, na atakuwa na la kujibu.

Basi ushahidi tunaupata wapi? Kwanza kabisa picha. Si mchoro wa rangi ulio ubavuni mwa kasha, maana mchoraji naye alitazama picha ileile, mara nyingi ya upande mmoja tu, na upande wa pili akaujaza kwa makisio. Tafuta picha aliyoitazama yeye. Na ukiipata, usiiamini haraka kuhusu rangi. Filamu nyingi za zamani za rangi nyeusi na nyeupe zilikuwa za aina isiyohisi mwanga mwekundu. Katika picha hizo nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka nzito mno, na buluu hupauka. Duara za taifa za ndege za Uingereza zenye ukingo wa njano huonekana katika picha kama hizo zina ukingo mweusi, na wapo watu waliozibishania kwa muda mrefu bila kuuliza ni filamu gani iliyotumika. Makumbusho nayo yasikutoshe. Ndege nyingi zilizohifadhiwa zilipakwa upya mara kadhaa, nyingine kwa rangi iliyopatikana siku hiyo, nyingine kwa kumuenzi rubani ambaye hakuirusha ndege ile. Kwa umbo na vipimo makumbusho ni mwalimu bora. Kwa rangi na alama, uliza ilipakwa lini na nani, na kwa kufuata nini.

Upande wa chini ndio unaotuponyoka zaidi. Wapiga picha walisimama ubavuni, wakanasa pua na mkia. Tumbo la ndege halikuwavutia. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na hapa kuinama ni kutafuta picha za ajali, za ndege zikifanyiwa matengenezo, na za ndege zikipinda angani. Milia ya nyeusi na nyeupe iliyopakwa kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, Juni 1944, ni mfano mzuri. Kanuni iliandika milia mitano, mitatu nyeupe na miwili nyeusi, kila mmoja inchi 18 kwa ndege za injini moja. Lakini ilipakwa kwa haraka, saa chache kabla ya safari, vikosini, kwa mikono, na picha zinaonyesha kingo zilizopinda na rangi iliyopita mpaka wake. Dekali ya milia hiyo hutoka imenyooka kama imepigwa rula. Mimi naichukulia dekali ile kama kipimo cha mahali pa kupaka tu, kisha milia naipaka kwa brashi. Inapendeza zaidi, na ndiyo kweli.

Sasa kazi ya mikono. Wengi wenu mnaijua, ila nimeona modeli nzuri mno zikiharibikia hatua hii, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Dekali ni tabaka nne: karatasi, gundi inayoyeyuka majini, filamu angavu nyembamba, na wino juu yake. Chini ya rangi nyingi kuna wino mweupe, kwa sababu rangi peke yake inapitisha mwanga na nyota ya njano juu ya bawa la kijani ingegeuka kuwa kitu kingine. Hii ndiyo sababu printa ya kawaida ya nyumbani haiwezi kutengeneza dekali za alama nyeupe: haina wino huo. Printa za kampuni ya ALPS zilikuwa nao, ndiyo maana wenye nazo wanazitunza hadi leo.

Adui mkubwa ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Filamu ikilala juu yake, hewa inanaswa mabondeni, mwanga unarudi vibaya, na unapata ule ukungu wa rangi ya fedha unaozunguka kila alama na kumwambia mtazamaji kwamba hii ni stika. Dawa yake huanza kabla ya dekali: paka vanishi inayong'aa, iache ikauke kwelikweli, uso uwe laini unapopitisha ukucha. Kisha kata alama karibu na mchoro wake, ili filamu tupu ibaki kidogo iwezekanavyo. Ichovye katika maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache tu, itoe, ilaze juu ya kitambaa chenye unyevu ingoje. Usiiache ikielea bakulini mpaka iachane na karatasi yenyewe, kwa sababu gundi yote itabaki majini. Lowesha mahali pake kwenye modeli kwa maji au kwa dawa ya kushikiza. Sogeza karatasi hadi hapo, telezesha alama kwa brashi laini, isukume hadi mahali pake wakati bado inaelea, kisha nyonya maji kwa ncha ya kitambaa ukianzia katikati kwenda nje.

Sasa weka dawa ya kulainisha, na uondoe mkono. Baada ya dakika chache dekali itajikunja, itakuwa na makunyanzi ya kutisha, na kila kiungo cha mwili wako kitataka kuinyoosha. Usiiguse. Filamu imekuwa laini mno, ukiigusa inachanika. Iache ikauke, nayo itajivuta yenyewe, iingie katika kila mstari na kuizunguka kila ribiti, mpaka uone maungio ya mabati yakipita katikati ya nyota kama yalivyopita kwenye ndege halisi. Palipobaki povu la hewa, toboa kwa sindano, weka tone jingine la dawa. Siku ya pili osha mabaki ya gundi kwa maji safi, maana yakibaki yatageuka madoa ya kahawia chini ya vanishi ya mwisho. Kisha vanishi ya kumalizia, na dekali inakuwa rangi.

Kuhusu alama ndogondogo za maandishi ya mafundi: ndege ya kivita kama Phantom hufika mamia ya alama hizo, na karatasi ya dekali hukupa zote. Je, zote zilikuwepo siku yako? Vikosini ndege zilipakwa upya, na mafundi hawakurudisha kila neno. Picha ikionyesha ubavu mtupu, uache mtupu, hata kama karatasi imebaki na nusu ya alama. Si uvivu huo.

Vipuri sasa, na hapa natoa maoni yangu waziwazi. Kipuri kinastahili pale tu kinapoonekana, au pale ndege yako mahususi ilipokuwa tofauti na ile ya kwenye kasha. Katika 1/72, kifuniko cha kioo kikifungwa, chumba chote cha rubani kinabaki kivuli chenye kiti ndani yake. Mkanda wa sentimita 5 unakuwa wa milimita 0.7, na bado unaonekana, kwa sababu ni mweupe au wa rangi ya mchanga juu ya kiti cheusi. Basi weka mikanda. Kanyagio za miguu hakuna atakayeziona. Kioo chenyewe kikiwa kinene, badilisha. Kioo chembamba kinabadilisha sura ya ndege nzima kuliko bati la swichi 60. Magurudumu ya rezini yaliyobonyea kidogo chini huipa ndege uzito, ikaonekana imesimama ardhini kwelikweli. Mitutu na ile sindano ya kupimia kasi ya hewa, ndiyo, kwa sababu za skeli nilizozitaja. Katika 1/48 mabomba ya kutolea moshi wa injini yanaanza kuonekana, na katika 1/32, ambako Spitfire yenye mabawa ya mita 11.23 inafika sentimita 35, jicho linaingia kila mahali, na chumba cha rubani kinadai kazi yote utakayokipa.

Hakikisha kipuri kilitengenezwa kwa ajili ya kasha ulilonalo. Chumba cha rubani cha rezini kilichopimwa kwa kasha la kampuni moja hakitaingia katika bodi ya kampuni nyingine, hata kama ndege ni ileile na skeli ni ileile, maana unene wa plastiki haufanani. Hata kikiwa chake, mara nyingi utalazimika kukondesha kuta za bodi kwa ndani hadi mwanga upite. Jaribu bila gundi, tena na tena, kabla ya kukata kile kitako cha kumiminia rezini. Na kwa ndege zenye gurudumu la mbele, kama P-38 au Me 262, kumbuka kwamba kila gramu ya rezini unayoiweka nyuma inadai uzito zaidi puani. Pima kabla ya kufunga bodi, la sivyo ndege itakaa kwa mkia.

Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha polistirini, kwa hiyo haishiki shaba wala rezini. Huko ni supagluu au epoksi. Na vumbi la rezini, wapendwa, si la kuchezea. Piga msasa ukiwa umelowesha, vaa barakoa inayochuja vumbi, na futa meza kwa kitambaa chenye maji. Vijana waliopo hapa nawaomba walichukue hili kama sharti la kazi.

Jambo la mwisho ni pendekezo kwa chama. Katika maonyesho yetu kadi iliyo mbele ya modeli husema jina la ndege, skeli na jina la mjenzi. Napendekeza tuongeze mistari mitatu. Wa kwanza: namba ya ndege, kikosi, na tarehe au mwezi unaoonyeshwa. Wa pili: picha ipi ilitumika, na ya upande upi. Wa tatu: sehemu zipi ni makisio. Kama upande wa kulia hujawahi kuuona pichani, andika hivyo. Waamuzi wasimkate alama mtu aliyeandika "makisio"; wamuulize zaidi yule ambaye hakuandika chochote. Kadi hizo zikikusanywa mwaka hadi mwaka, mwenzetu anayeanza B-17 kesho hataanzia sifuri, na anayejua picha ambayo wewe huijui atakuletea.

Baada ya mapumziko nitakuwa kwenye meza ya pale dirishani na bakuli la maji. Wenye karatasi za dekali za zamani, zilizogeuka njano au msizoziamini, zileteni. Zilizogeuka njano tutaonyeshana jinsi ya kuzibandika dirishani zipigwe na jua hadi zipauke. Zinazotiliwa shaka ya kuvunjika tutakata alama moja ya pembeni isiyohitajika, tuichovye, tuone kama inashikamana. Ikipasuka, karatasi yote itapakwa vanishi angavu kwanza, ikauke, ndipo alama zikatwe moja moja. Njooni na picha zenu pia. Asanteni sana.